Uhalisi, Uhalisia na Sitara: Mipaka ya Nafsi kwa Washawishi wa Mitandao ya Kijamii

1.0 Neno na Tatizo Lake

Miongoni mwa maneno yaliyopata soko kubwa katika Kiswahili cha mitandao ya kijamii, neno "halisi" lina nafasi ya pekee. Mshawishi wa mtandaoni, yaani mtu aliyejipatia wafuasi wengi na kwa wafuasi hao akajipatia riziki, husifiwa kwa kuwa halisi na hulaumiwa kwa kujifanya. Wafuasi humtaka aonekane kama alivyo. Makampuni yanayomlipa nayo humtaka aonekane kama alivyo, ila awe ameshika bidhaa yao. Kutokana na dai hilo limezuka dai la pili ambalo kwa kawaida halitamkwi, lakini hutekelezwa kila siku: kwamba mtu halisi ni yule asiyeficha kitu. Maradhi, talaka, deni, msiba, mtoto aliyezaliwa jana, vyote hivyo vyapaswa kuonekana, na anayevificha ana walakini. Makala haya yanalipinga dai hilo la pili, na yanalipinga kwa hoja zitokazo ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe, kwa kuwa fasihi hiyo ilikwisha kushughulika na swali hili kabla ya simu ya mkononi kuwako.

Neno lenyewe lina historia inayofaa kukumbukwa. "Halisi" limetoka katika Kiarabu kwa maana ya kitu safi kisichochanganywa na kingine: dhahabu halisi, samli halisi. Ni sifa iliyowafaa vitu kabla ya kuwafaa watu. Samli haina wakwe wala wapangaji wenzake. Ikipimwa, hupimwa mara moja na shauri likaisha. Binadamu ni mchanganyiko tangu kunapokucha. Mtu yule yule ni baba mbele ya wanawe, ni mkwe mbele ya mama wa mkewe, ni mdaiwa dukani na ni mzee wa heshima msikitini au kanisani, na hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo anapodanganya kwa kuwa tu amebadili sauti. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu namna mtu anavyojionyesha katika maisha ya kila siku, alizitumia istilahi za tamthilia, jukwaa na nyuma ya jukwaa, kueleza hali hiyo. Haifuati kutokana na hoja yake kwamba jukwaani kuna uongo mtupu na nyuma ya pazia ndiko uliko ukweli. Mwigizaji asiyekuwa na mahali pa kuvulia maleba hawi mkweli zaidi ya wenzake. Huwa amechoka zaidi.

Wahakiki wa Kiswahili wana silaha nyingine ambayo, kwa bahati mbaya, haijatumiwa vya kutosha katika mjadala huu. Tangu miaka ya 1970 uhakiki umekuwa ukilitumia neno "uhalisia" kwa mtindo wa kisanaa unaojaribu kuyachora maisha kama yanavyoonekana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba uhalisia wa riwaya ni matokeo ya ufundi: uchaguzi wa tukio, wa lugha, wa kipengele kidogo kama vile sufuria iliyoungua au ukuta uliobanduka rangi. Hakuna anayesoma riwaya ya kihalisia akadhani kwamba mtunzi hakuchagua. Ajabu ni kwamba hukumu hiyo hutupwa pembeni mara tu kazi inapokuja kwa njia ya video fupi. Jiko lisilopangwa, nywele zisizosukwa, picha inayotikisika, machozi yanayofutwa kwa kiganja mbele ya kamera, vyote hivyo ni vipengele vya mtindo. Ni uhalisia. Hadhira huvipokea kama uhalisi. Katika kosa hilo la silabi moja ndimo limo tatizo lote, kwani mshawishi naye, baada ya muda, huanza kuliamini.

Si vibaya pia kulitazama kidogo neno "mshawishi". Mizizi yake katika Kiswahili si myepesi. Wakatoliki huliita jaribu la dhambi "kishawishi", na mzee anayesema kwamba kijana fulani "ameshawishiwa" mara chache huwa anamsifu. Waliolipokea neno hili kama cheo cha kazi hawakuliosha kwanza. Yumkini ni vema kwamba halikuoshwa.

2.0 Sauti ya Kuazima

Mfano ulio karibu ni wa kijana wa Kitanzania ajulikanaye kama Kili Paul. Mwaka 2021, akiwa na dada yake Neema, alijulikana kwa video fupi ambamo wanafuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakiwa wamevaa mavazi ya Kimaasai, katika mandhari ya kijiji chao cha mkoa wa Pwani. Mnamo Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunukia heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao wawili katika kipindi chake cha redio. Mamilioni ya watu waliomfuata walimsifu kwa neno lile lile: halisi.

Ni kipi hasa kilichokuwa halisi? Sauti si yake. Ni ya waimbaji wa Mumbai. Maneno si yake, na lugha ya nyimbo si lugha aliyolelewa nayo. Kwa kipimo cha samli, kazi hii ingeshindwa papo hapo. Hata hivyo hakuna mtazamaji aliyedai kwamba amelaghaiwa, na walikuwa na haki ya kutodai. Utanzu huu una kanuni zinazojulikana na pande zote mbili. Midomo inaazima, mwili unatoa: mdundo wa mabega, macho, furaha ya kufika mwisho wa ubeti bila kukosea. Uhalisi hapa umo katika mapatano, si katika asili ya sauti. Mtazamaji ameambiwa anachopewa, naye amepewa hicho hicho.

Kwa upande wa mavazi mambo hayawi rahisi hivyo. Picha ya Mmaasai imekuwa bidhaa kwa muda mrefu. Imo katika kadi za posta, katika matangazo ya utalii na katika fukwe za Unguja, ambako vijana wengi wa Kimaasai hufanya biashara na ulinzi wakiwa katika vazi ambalo ni lao kweli na ambalo papo hapo ndilo linalouza. Mtu anapovaa shuka kwa sababu ni vazi la kwao, na wafuasi wakampenda kwa shuka, kesho yake shuka limekuwa sharti. Hajabadilika yeye, kilichobadilika ni sababu ya kulivaa. Lionel Trilling, katika mihadhara yake kuhusu unyofu na uhalisi iliyochapishwa mwaka 1972, alionyesha jinsi uhalisi unavyokuwa amri ya kijamii sawa na amri nyingine zozote, na jinsi mtu anavyoweza kuishi katika utumwa wa kuwa yeye mwenyewe. Maelezo hayo yalihusu fasihi ya Ulaya, lakini ni vigumu kupata maelezo yanayomfaa zaidi kijana mwenye simu, shuka na wafuasi wengi.

Mwaka huo huo wa 2022 Kili Paul alieleza kwamba alishambuliwa na watu wenye kisu na fimbo, akajeruhiwa. Sababu za shambulio hilo si za kubuniwa hapa. Linalohusika ni jambo moja tu: kwamba mandhari iliyoipa kazi yake mvuto ilikuwa mahali anapolala. Mwimbaji wa ukumbini hushuka jukwaani akaenda zake; mtu ambaye jukwaa lake ni ua wa nyumba yao hana pa kushukia. Mjadala wa mipaka huanza hapa penye anwani, njia ya kwenda kisimani na saa za kurudi nyumbani, kabla ya kufika kwenye hisia.

3.0 Fumbo, Lakabu na Nafsineni

Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika mwaka 1956 kuhusu watazamaji wa televisheni waliojihisi kuwa ni marafiki wa watangazaji wasiowajua. Waliuita uhusiano huo ukaribu wa mbali. Wazo lao limerudiwa sana katika tafiti za mitandao ya kijamii, na kwa kawaida hurudiwa kama kwamba ni ugonjwa uliozaliwa na umeme. Lakini jamii yoyote yenye washairi imewahi kuwa na hadhira inayotaka kuyajua maisha ya anayesema. Swali la maana ni jamii hiyo iliwapa wasanii wake zana gani za kujikinga.

Waswahili waliwapa nyingi. Ya kwanza ni jina. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 aliitwa Mtumwa. Alipokuwa mwimbaji alipewa jina la Siti, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Hakuna mtafiti makini aliyesema kwamba Siti binti Saad ni jina la uongo. Ni jina la kazi na la heshima, lililotenganisha aliyedhulumiwa utotoni na aliyesikilizwa ukubwani. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, aliitumia lakabu hiyo kama jina stahiki la mtu huyo. Washairi wa magazetini nao, kwa miongo mingi, walijipa lakabu na kujitaja kwazo katika ubeti wa tamati, na wasomaji wakabishana nao vikali bila kuhitaji kujua wanalala nyumba gani.

Zana ya pili ni fumbo. Katika taarab mwimbaji huyaimba mambo ya ndani kabisa, wivu, usaliti, chumba na kitanda, mbele ya watu mia, na bado hakuna anayeweza kusimama akasema kwamba ameelezwa habari za mwimbaji. Anayetoka kutunza, akiipandisha noti juu kabla ya kuiweka mkononi mwa mwimbaji, ndiye anayeuchukua ubeti na kumpelekea hasimu wake aliyeketi kiti cha tatu. Wimbo ni wa mwimbaji. Jambo ni la mtunzaji. Ulinganisho na zawadi za matangazo ya mubashara ya TikTok unajitokeza wenyewe. Huko pia hadhira hutunza, kwa sarafu za kununuliwa ndani ya programu, na huko pia jina la mtunzaji hutajwa kwa sauti. Lakini mara nyingi hakuna wimbo kati yao. Kinachotunzwa ni mtu, na akitaka kutunzwa zaidi hapana budi aongeze kujitoa yeye. Uchunguzi wa BBC uliotangazwa mwaka 2025 ulieleza jinsi matangazo ya namna hiyo nchini Kenya yalivyowafikisha hata watoto katika kuuza miili yao kwa zawadi hizo. Fumbo likiondolewa, kinachobaki cha kuuzwa ni kichache.

Zana ya tatu ni ya wahakiki wenyewe, nayo ni dhana ya nafsineni. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hupoteza alama akiandika kwamba "mshairi anasema ameachwa na mkewe" badala ya "nafsineni". Amefundishwa kwamba "mimi" wa shairi ni kiumbe cha shairi. Mwanafunzi huyo huyo jioni hufungua simu, akamsikia mtu akisema "mimi", na mafunzo yote yakayeyuka. Walimu wa fasihi wana sehemu yao ya lawama: nafsineni imefundishwa kama kanuni ya mtihani, haikufundishwa kama namna ya kuishi na sauti za watu wengine.

Hata pale ambapo "mimi" ni mtunzi mwenyewe bila shaka, kama katika utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858, kujieleza kuna kipimo. Mama yule anasema kwamba maradhi yamemshika. Msomaji haambiwi undani wake. Anaitaja ndoa yake na Bwana Mataka wa Siu kwa kiasi kinachohitajika ili binti apate wosia, akaishia hapo. Hakuna msomaji aliyewahi kulalamika kwamba shairi hilo si halisi kwa kuwa limefichwa mengi. Kinyume chake, yaliyofunikwa ndiyo yanayoyapa yaliyofunuliwa uzito wake.

Neno la Kiswahili kwa kipimo hicho ni sitara. Hapa linazuka pingamizi ambalo si la kupuuzwa. Sitara, watasema wengi, na hasa watafiti wa masuala ya jinsia, ndilo neno lililotumiwa kuwafunga wanawake midomo. Mke aliyepigwa aliambiwa asitiri nyumba yake. Binti aliyenajisiwa aliambiwa aistiri familia. Mitandao ya kijamii, pamoja na uchafu wake wote, iliwapa baadhi yao mahali pa kusema, na waliosema waliaminiwa kwa sababu hawakuficha. Kumrudishia mshawishi wa kike mahubiri ya sitara ni kumrudisha chumbani.

Pingamizi hilo ni kweli kwa nusu yake, na nusu hiyo ni kubwa. Sitara iliyoamriwa na mwenye kosa ni gereza. Lakini kutokana na hilo haifuati kwamba dawa yake ni uwazi ulioamriwa na wafuasi, kwani katika hali zote mbili mwenye habari si mwamuzi wa habari zake. Siti binti Saad anafaa tena kuwa shahidi. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia habari za mwanamke aliyeuawa, za muuaji aliyetoroka kwenda bara, na za mahakama iliyowaadhibu mashahidi badala yake. Jina la muuaji limetajwa wazi, na dhuluma ya mahakama ya kikoloni imeanikwa juani. Mwimbaji hakulazimika kueleza habari zake mwenyewe za chumbani ili apate haki ya kuyasema hayo. Mtu anaweza kulisema jambo lote akabaki na nafsi yake nzima. Waliowatenga wanawake kwa jina la sitara hawakupenda hilo lijulikane. Na wanaowasukuma leo wajianike kwa jina la uhalisi hawalipendi vilevile, maana aliyejua kutenganisha jambo na nafsi si rahisi kumkamua.

4.0 Mpiga Debe Aliyeketi Kama Abiria

Upande wa fedha unaweza kuelezwa kwa maneno machache zaidi, kwa kuwa maadili yake hayana utata mwingi. Mfuko wa waundaji maudhui ambao TikTok iliuanzisha mwaka 2020 ulianzia Marekani na baadaye nchi chache za Ulaya. Afrika Mashariki haikuwamo. Kwa hiyo mshawishi wa Dar es Salaam au Nairobi ametegemea zaidi matangazo ya makampuni, zawadi za hadhira na hisani ya wakubwa. Tanzania imezaa neno kali kwa hali hiyo ya mwisho: chawa, mtu aishiye katika nguo za mwenye nacho kwa kumsifu. Wapo wanaojiita hivyo kwa majivuno.

Mpiga debe wa stendi hupiga kelele kwa malipo, lakini hadanganyi mtu kuhusu kazi yake. Kila abiria anajua kwamba sifa za gari zimelipiwa. Udanganyifu huanza pale mpiga debe anapoingia garini na kuketi, mkoba mapajani, ili gari lionekane limejaa. Abiria wa kweli akishapanda, yeye hushuka taratibu kwa mlango wa nyuma. Mshawishi anayesifu sabuni bila kusema kwamba amelipwa ndiye huyo aliyeketi. Ripoti ya Mozilla Foundation ya mwaka 2021 ilieleza jinsi watumiaji wa Twitter nchini Kenya walivyolipwa dola 10 hadi 15 ili kuvuma pamoja dhidi ya majaji na wanaharakati waliopinga mabadiliko ya katiba ya BBI. Gari zima lilikuwa la wapiga debe.

Ufaransa ilitunga sheria mwezi Juni 2023 inayomlazimu mshawishi kutangaza kwamba tangazo ni tangazo na kwamba sura iliyorekebishwa imerekebishwa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili na faini ya yuro 300,000. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilianza kwingine: zilimtaka mwenye blogu alipie leseni, kwa gharama iliyofikia shilingi 2,100,000 kwa mwaka wa kwanza. Sheria ya kwanza inauliza "nani amekulipa?" Ya pili inauliza "umemlipa nani?" Msomaji atajua ni swali lipi linalomlinda mnunuzi wa sabuni.

5.0 Asiyeweza Kukataa

Zamani, na katika nyumba nyingi hata leo, mtoto mchanga hakutolewa nje kabla ya siku arobaini. Sababu zilizotolewa zilitofautiana, husuda, upepo, afya ya mama, lakini matokeo yalikuwa mamoja: kulikuwa na muda ambao kiumbe mgeni hakuwa mali ya macho ya watu. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wapo watoto wa watu mashuhuri wa Afrika Mashariki waliofunguliwa akaunti kabla ya siku hizo kutimia, na matangazo ya nepi yakaanza kuingia. Wazazi hao si waovu. Wamefuata mantiki ya uhalisi mpaka mwisho wake: ikiwa mzazi halisi hafichi kitu, na mtoto ni sehemu ya maisha yake, basi mtoto naye ni maudhui.

Hapa ndipo nadharia ya uwazi inapokwama kabisa, kwa kuwa mtoto hana nafsineni. Mtu mzima anayejianika aweza angalau kusema kwamba amechagua uso wa kuonyesha. Mtoto anayelia, anayeogeshwa, anayekosea kutamka neno mbele ya mamilioni, hachezi sehemu yoyote. Ndiye pekee katika biashara yote aliye halisi kwa maana ya samli, naye ndiye pekee asiyeulizwa. Sheria ya Ufaransa ya Oktoba 2020 inampa mtoto haki ya kudai mwenyewe picha zake ziondolewe, bila idhini ya wazazi. Jimbo la Illinois nchini Marekani limewalazimu wazazi tangu Julai 2024 kumwekea mtoto akiba kutokana na mapato ya video anazoonekana. Ya pili inamfanya mtoto kuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Ni afadhali kuliko mfanyakazi asiye na mshahara, lakini haijibu swali la nani alimwajiri.

Idara za Kiswahili zinaanza kupokea tasnifu kuhusu lugha ya video fupi, na nyingi hujishughulisha na kuchanganya msimbo, misimu na tahajia. Kazi hizo zina faida yake. Lakini mtahiniwa anayenukuu kilio cha mama wa mtandaoni kama "data ya lugha ya hisia", akiweka jina la akaunti na tarehe katika kiambatisho, amekwisha kuukata shauri mpaka wa mtu mwingine bila kujua kwamba ulikuwapo. Na msimamizi wake, ambaye asubuhi ile ile alimkata mwanafunzi mwingine alama kwa kuchanganya nafsineni na mtunzi, hutia sahihi.